Mgonjwa akilazwa, gonga mlango wa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo

Mgonjwa akilazwa hospitali ya wilaya au ya mkoa hapa Tanzania, ndugu hugawana kazi: huyu maabara, yule duka la dawa, mwingine uji. Ofisi ya ustawi wa jamii hukumbukwa siku ya kuruhusiwa, bili ikishafika mkononi. Nimemuuguza mjomba aliyepata kiharusi, na nakushauri uanzie huko.

Sababu ya kwanza ni makaratasi. Msamaha wa gharama za matibabu haupatikani kwa kusema "hatuna". Afisa ustawi atawahoji, atataka barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, na mtendaji mwenyewe huenda yuko kikaoni. Sera inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, ila dirishani hawasomi mvi. Wanataka kitambulisho au barua.

Ya pili wengi hawaijui. Mjomba alikuwa anarudi kliniki na presha iko juu, daktari anaongeza dozi, mwezi unaofuata ni yale yale. Afisa ustawi, akijaza fomu yake ya msamaha, akauliza, "Babu, dawa nyumbani anakupa nani?" Mzee akasema anakunywa akijisikia vibaya tu, zisiishe haraka. Sisi tunaoishi naye hatukuwa tunajua! Afisa akaliandika kwenye faili. Daktari alipolisoma aliacha kuongeza dozi, akampangia dawa ya kunywa mara moja kwa siku, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akaombwa awe anapita nyumbani.

Kwa hiyo omba mambo yaandikwe kwenye faili. Zamu zinabadilika, na daktari wa kesho hajui mliongea nini na wa leo. Mwambieni afisa ustawi pia hali halisi ya nyumbani: nani anashinda na mgonjwa, choo kiko wapi, chakula kinapatikanaje. Ile "tupo wengi, daktari" tunayoisema kwa aibu humfanya amruhusu mgonjwa arudi kwenye nyumba isiyo na mtu mchana kutwa. Kama ni jambo la kuficha, mfano mzee anapigwa, omba kuongea faragha.

Zahanati nyingi hazina afisa ustawi. Mwombe mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, akuandikie barua ya kwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na utoe nakala kabla hujaikabidhi.