"p16 chanya" kwenye majibu ya baba

Pole sana, ndugu yangu. Umeuliza kama "p16 chanya" kwenye majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye tonsili (tezi ya kooni) ya baba kwa uchunguzi ina maana saratani imesambaa. Hapana. p16 ni protini. Ikionekana kwa nguvu kwenye angalau 70% ya seli za uvimbe wa tonsili, huashiria kuwa chanzo ni kirusi cha HPV (kirusi cha papiloma ya binadamu). Saratani hizi kwa kawaida huitikia mionzi na dawa vizuri kuliko zisizo na HPV, hata tezi za shingoni zikiwa zimeshavimba. Ila kama mzee anavuta sigara, tafadhali aache sasa hivi, maana inampunguzia nafuu hiyo. Kusambaa huonekana kwenye vipimo vya picha, kwa hiyo muulizeni daktari hatua iliyofikia. Na msikubali apunguziwe matibabu kwa sababu ya p16 peke yake, nje ya utafiti rasmi.