Nyota pacha haziachani, nyotamkia haionekani: je, darubini yangu ni mbovu?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi simu, naishi Chumbageni, Tanga. Nimenunua darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 70 na urefu wa fokasi milimita 700. Imekuja na lenzi za jicho mbili, ya milimita 20 na ya milimita 10, pamoja na kipande cha kuzidisha mara 3. Huwa natazamia juu ya paa la zege. Nimesoma kwamba Rijili Kantori (Alpha Centauri), ile nyota angavu ya kusini, ni nyota mbili, lakini mimi naona moja iliyorefuka kama yai, tena inachezacheza. Halafu kuna nyotamkia iliyotangazwa kuwa ya daraja la 8 (daraja ni kipimo cha mwangaza: namba ikipanda, mwanga unapungua). Darubini inanionyesha nyota hafifu kuliko hapo, ila nyotamkia yenyewe sikuiona kabisa. Nimeuziwa kioo kibovu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usiirudishe dukani bado. Kwa maelezo yako sidhani kama kioo kina shida. Umeitumia darubini kwa namna ileile katika kazi mbili zisizofanana. Nyota pacha zinataka ukuzaji mkubwa na hewa iliyotulia, na mbalamwezi haizisumbui. Nyotamkia inataka ukuzaji mdogo na giza, tena giza la kweli.

Tuanze na Rijili Kantori. Nyota zake mbili angavu huzungukana kwa muda unaokaribia miaka 80, kwa hiyo nafasi tunayoiona kati yao haikai mahali pamoja. Mwaka 2016 ilikuwa sekunde 4 tu za tao, na sekunde moja ya tao ni sehemu moja kati ya 3,600 za nyuzi moja. Tangu hapo zinaachana, na kufikia 2029 nafasi itakuwa sekunde 10 hivi. Baada ya hapo zitasogeleana tena, hadi chini ya sekunde 2 mwishoni mwa miaka ya 2030. Umenunua darubini wakati mzuri.

Lenzi yako inaweza kutenganisha nini? Kanuni ya Dawes inasema ugawe 116 kwa kipenyo cha lenzi kwa milimita. Kwa 70 unapata sekunde 1.7, kwa hiyo uwezo upo, na unabaki. Nina hakika ulitumia lenzi ya milimita 20, inayokuza mara 35 tu. Kwa nyota zinazowaka kiasi hicho, mng'ao wake humezana machoni. Weka ya milimita 10 upate mara 70. Kile kipande cha kuzidisha mara 3 kiache sandukuni: ukikiunga hapo unafika mara 210, wakati kikomo cha busara ni kama mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, yaani 140 kwa darubini yako.

Adui wa pili ni hilo paa. Zege likipigwa na jua la Tanga kutwa nzima, hutoa joto hadi usiku wa manane, na hewa inayopanda mbele ya lenzi ndiyo inayoichezesha nyota. Shuka uani, simama kwenye udongo au majani, na usitazame juu ya bati la jirani. Itoe darubini nje nusu saa kabla ya kuanza ili ipoe. Kwa latitudo ya Tanga, Rijili Kantori haipandi zaidi ya nyuzi 34 upande wa kusini, basi isubiri ifike juu kabisa. Mwishoni mwa Juni hilo hutokea karibu saa tatu usiku. Usione nyuzi 34 ni chache. Mwaka 1689 padri Mjesuiti Jean Richaud aligundua kwamba nyota hii ni mbili akiwa Pondicherry, India, ambako haifiki hata nyuzi 20. Na usiku huo alikuwa akifuatilia nyotamkia!

Ukifanya yote hayo bado ukaona yai, fanya jaribio hili kabla ya kumlaumu muuzaji. Geukia kaskazini uitafute Simaki, ile nyota angavu ya rangi ya chungwa, ambayo kwa darubini zetu ni nyota moja tu. Ikiwa nayo imerefuka, zungusha kichwa chako polepole bila kugusa darubini. Yai likizunguka pamoja na kichwa, kasoro iko kwenye jicho lako, na daktari wa macho atakusaidia. Lisipozunguka, legeza pete zinazoshika bomba, ulizungushe bomba lenyewe robo mzunguko, kisha uirudishe Simaki katikati. Yai likihama pamoja na bomba, hapo ndipo una haki ya kurudi dukani. Halafu zungusha kirekebisha fokasi hadi nyota ifumke kuwa duara lenye miviringo ndani yake. Miviringo ikiegemea upande mmoja, lenzi imekaa mshazari. Ikionyesha umbo la pembetatu, lenzi imebanwa mno na pete yake, na kuilegeza kidogo tu kunatosha. Wewe ni fundi simu, mkono wako umezoea skrubu ndogo.

Sasa nyotamkia, na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa bure. Daraja la 8 lililotangazwa ni jumla ya mwanga wake wote. Nyota hukusanya mwanga huo katika nukta moja, lakini nyotamkia huutandaza. Chukua mfano wa kichwa chenye upana wa dakika 10 za tao, theluthi moja ya upana wa mwezi mpevu. Tandaza daraja la 8 juu ya eneo hilo, kila sekunde ya tao ya mraba inabaki na daraja la 21.6 hivi. Anga la kijijini lisilo na taa, usiku usio na mwezi, nalo liko kati ya 21.5 na 22. Kwa maneno mengine, ukungu wa nyotamkia unalingana na giza la anga lenyewe! Mjini, penye taa za barabarani na za bandari, anga huweza kufika 19 au kung'aa zaidi, na tofauti ya madaraja 2.5 ni mara 10. Darubini yako ilikuwa inaielekea nyotamkia, ila mwanga wa mji ulikuwa umeifunika.

Nenda nje ya mji. Kigombe, njia ya Pangani, ni chaguo zuri kwa sababu mashariki yote ni bahari, na nyotamkia nyingi hung'aa zaidi zikiwa karibu na jua, yaani alfajiri au magharibi. C/2023 A3, iliyopita karibu zaidi na jua tarehe 27 Septemba 2024, ilionekana kwa macho matupu alfajiri upande huohuo wa mashariki. Tumia lenzi ya milimita 20, uzoeshe macho giza kwa nusu saa bila kufungua simu, kisha tazama kidogo pembeni ya pale unapotarajia kuiona, maana pembeni mwa jicho ndipo panapohisi mwanga hafifu. Usitafute mkia wa kwenye picha. Tafuta doa la ukungu lisilo na kingo. Lichore pamoja na nyota zilizolizunguka, uandike saa, na urudie baada ya saa moja au mbili. Likiwa limesogea kati ya nyota, umeipata.

Ukitaka kukadiria mwangaza wake, mimi hutumia njia ya Sidgwick. Kariri weupe wa wastani wa lile doa likiwa kwenye fokasi, halafu fumua nyota ya daraja unalolijua hadi iwe na upana uleule, kisha ulinganishe. Chagua nyota iliyo kwenye kimo kilekile, kwa sababu karibu na upeo hewa hula mwanga mwingi. Makadirio kama hayo hupokelewa kwenye COBS, hifadhidata ya nyotamkia iliyoko Slovenia, na watazamaji walio karibu na ikweta si wengi.

Ukirudi alfajiri usiifungie darubini sandukuni ikiwa na unyevu. Hewa ya bahari huotesha kuvu kwenye lenzi, na kuvu ikishakula tabaka la juu la kioo hairekebishiki. Iache ikauke chumbani kwanza, kisha uweke sandukuni vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.