Mkazo wa "trapezoidal" unatua wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea ufundi wa mashine za kukereza, na karibuni nitaeleza kazi yangu kwa Kiingereza mbele ya wakaguzi. Skrubu ya jeki niliyokata ina thredi za "trapezoidal". Nikitamka tra-pe-zo-i-DA-li, wenzangu hucheka. Kamusi imeandika trap·e·zoi·dal. Je, nifuate nukta hizo? Mwanafunzi, Changamwe.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wanaocheka, waambie walitamke wao tusikie.

Neno lina silabi nne, nawe umezifanya sita. Mbili za ziada ni Kiswahili chako. Kwetu kila irabu hujitegemea, basi "oi" ukaipasua zo-i. Tena hatupendi neno liishie kwa konsonanti, ukalitilia "i" mkiani. Mkazo nao ukaupeleka silabi ya pili kutoka mwisho, kama ada yetu, ukaangukia "da". Raha yake ni kuwa ada hiyo hapa haikukosea! Ondoa "i" ya mkiani, "zoi" itoke kwa mkupuo mmoja, na mkazo utatua wenyewe: tra-pi-ZOI-dl. Ile "e" hufifia ikawa kama "i" fupi. Mwishoni usihangaike na irabu. "L" inabeba silabi peke yake kama "m" ya "mtu".

Nomino yake, "trapezoid", mkazo mkuu uko mwanzoni: TRA-pi-zoid. Kiambishi -al ndicho kinachousogeza. "Rhomboid" nayo ikitiwa -al huwa rom-BOI-dl. Lakini "spherical" ni SFE-ri-kl, kwa sababu "i" yake ya katikati ni nyepesi, haiwezi kubeba mkazo. "Oi" ni nzito, inaweza.

Nukta za kamusi hukuonyesha zaidi pa kulikata neno mstari ukikuishia. Matamshi yatafute katikati ya mikwaju / /, na kijistari cha juu husimama kabla ya silabi yenye mkazo mkuu.

Usishangae pia ukisikia majina mawili. Umbo tulilofundishwa shuleni Kenya kuwa "trapezium", Wamarekani huliita "trapezoid".

Kwenye mchoro, thredi hizo za metriki huandikwa Tr, na pembe kati ya mbavu zake ni digrii 30. Za Acme, jamaa zake za vipimo vya inchi, ni 29. Ningekuwa wewe, hiyo digrii moja ningeishika kabla ya matamshi, maana mkaguzi ni fundi.