Re: 123456789 ni namba tasa ama la?

Aisee umeuliza kama 123456789 ni tasa (yaani inagawanyika kwa 1 na yenyewe tu) juu iliisha na 9 na umejaribu 7, 11 na 13 zikakataa. Si tasa bana, uliruka 3. Jumlisha tarakimu zake, 1 mpaka 9 unapata 45, na 45 inagawanyika kwa 9 kwa hivyo namba yote pia inagawanyika. Na hata ukizichanganya vile mama wa Kondele anachanganya omena, yaani upange hizo tarakimu tisa vyovyote utakavyo, jumla itabaki 45 tu so huwezi kupata tasa hapo hata ukeshe.

Ukiivunja yote ni 3 × 3 × 3607 × 3803, na hizo mbili za mwisho ndio tasa kweli, hapo ndio nilitoa jasho na kalamu manze nikiwa kwa matatu ya Nakuru Kisumu, mpaka Kericho nilikuwa bado nagawanya. Vigawanyo vyake ni 12. Ukitoa yenyewe ujumlishe vile vingine 11 unapata 54966027, ni ndogo kuliko namba yenyewe, so iko kundi la pungufu, si kamilifu kama 6 ama 28 ambazo hiyo jumla inarudi kuwa namba yenyewe.

Pia si mraba, yaani namba nzima mara yenyewe, juu 11111 mara 11111 ni 123454321 (angalia hiyo vile imejipanga!) na 11112 mara 11112 inaruka mpaka 123476544, na yetu iko katikati.

Halafu jaribu hii kwa simu: zidisha 123456789 kwa 8, ongeza 9.