Insulini ikimwagikia manyoya, usirudie sindano
Ukimdunga paka au mbwa wako mwenye kisukari insulini (dawa ya kushusha sukari mwilini) ikamwagika, usimdunge tena, hata kama manyoya yamelowa na huna hakika imeingia kiasi gani. Ngoja dozi inayofuata, saa 12 baadaye. Sukari ikiwa juu kwa nusu siku atavumilia, lakini ikishuka mno inaweza kumuua. Wangu nilimdunga miaka mitatu, na daktari wa mifugo alinisisitizia hilo tangu siku ya kwanza. Nusa pale ulipochoma: insulini ina harufu kali ya dawa, utajua kama imemwagika. Akianza kuyumba, kutetemeka au kulegea, mpake asali kidogo kwenye ufizi, umkimbize kwa daktari. Na akigoma kula, tafadhali mpigie daktari kabla hujashika sindano.