Muulize Namba Tatu: Kreti la soda la usiku wa Celtic

SWALI: Shikamoo Mzee Namba Tatu. Usiku wa tarehe 7 Novemba 2012 nilikuwa kibanda umiza hapa Moshi na shemeji yangu, Mkenya wa Taveta. Celtic na Barcelona, Ligi ya Mabingwa. Yeye, kwa ajili ya Victor Wanyama, Mkenya mwenzake aliyechezea Celtic, akaapa Barcelona hawapati hata bao la kufutia machozi. Mimi nikasema Messi lazima afunge. Tukawekeana kreti la soda. Celtic wanaongoza 2-0, zimebaki dakika chache, jenereta likaishiwa petroli, mwenye kibanda akatutoa nje. Asubuhi nikalipa. Juzi mwanangu ananionyesha kwenye simu: 2-1! Shemeji anasema dau lilikuwa la mechi tuliyoiona. Nani anadaiwa? Na kwa nini Wanyama alivaa 67? Hiyo ni jezi au namba ya daladala? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Anadaiwa shemeji yako, tena makreti mawili: lile uliloshinda na lile ulilompa bure. Dakika za nyongeza kipa wa Celtic, Fraser Forster, aliutema mpira, Messi akaumalizia nyavuni. Mliwekeana dau la mechi, hamkuwekeana la jenereta.

Mimi niliitazama kwa jirani hapa Tanga, ilianza saa tano kasoro robo usiku. Nimecheza namba tatu, yaani beki wa kushoto, miaka mingi, enzi ambazo neno "beki tatu" lilikuwa bado halijahamia jikoni, na Mungu hakunijalia urefu. Kwa hiyo Wanyama alipofunga dakika ya 21, sebule nzima ilimtazama yeye, mimi nikamtazama Jordi Alba, namba tatu wa Barcelona. Kona ya Charlie Mulgrew ikavuka msitu wote wa vichwa, ikaenda nguzo ya mbali, na pale Alba alikuwa peke yake na lile jitu.

Nikwambie siri ya sisi wafupi. Kona ikipigwa, usishindane kuruka, utaaibika. Unamwegemea mwenzio kiunoni mapema, refa akiwa anatazama kwingine, unamwibia ile hatua moja ya kujikusanya. Ukichelewa kidogo tu, yeye yuko hewani na wewe uko chini unasoma namba mgongoni kwake. Alba alichelewa. Na cha kuuma zaidi, wiki mbili nyuma, tarehe 23 Oktoba kule Camp Nou, ni yeye Alba aliyewafunga hao hao Celtic bao la ushindi katika dakika za nyongeza.

Namba aliyoisoma ndiyo hiyo 67 yako. Tarehe 25 Mei 1967, mjini Lisbon, Celtic waliifunga Inter Milan 2-1 na kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza kuchukua Kombe la Ulaya. Wanyama aliivaa kwa heshima ya wazee wale. Na Inter ndiyo iliyomsajili kaka yake, McDonald Mariga, mwaka 2010. Sijui chakula cha Krismasi kililiwaje nyumbani kwa baba yao, Mzee Noah, ambaye naye aliichezea AFC Leopards ya Kenya.

Bao la pili mliliona, lakini nalirudia kwa raha zangu. Barcelona walishika mpira zaidi ya asilimia 80 ya mchezo, wakagonga mwamba, Forster akawa ukuta. Dakika ya 83 Forster huyo huyo akabutua mpira mrefu, wa mtaani kabisa, na anayeukosa ni nani? Xavi! Tony Watt, kijana wa miaka 18 aliyetoka benchi, akaondoka nao na kumtungua Valdés, kipa wa Barcelona.

Sasa madeni. Kwa kuwa ni kaka wa mkeo, mdai kreti moja, la pili mwachie. Lakini chupa 24 tupu azirudishe dukani mwenyewe.

SWALI: Mzee, lile bao la Samatta wa Genk pale Anfield, uwanja wa Liverpool, lilikuwa la kichwa au la mguu? Kijiweni wamenizomea. (Msomaji, Mbagala)

JIBU: La kichwa, na wakuombe radhi kama ulisema hivyo. Ilikuwa tarehe 5 Novemba 2019, kona ya Bryan Heynen, Genk wakasawazisha kabla ya mapumziko, ingawa Liverpool walishinda 2-1. Kona tena! Siku hiyo namba tatu wa Liverpool alikuwa James Milner. Pole zangu nilimtumia pia, kupitia televisheni.