Mbwa akiuchukua mpira uwanjani

Dada, umeuliza kama kwenye hadithi yako ya yule kijana wa Pennsylvania, mbwa wake anaweza kuruka uzio, akaubeba mpira wa besiboli mdomoni na timu ikashinda. Kuruka aruke, ila ushindi hapo haupo. Mbwa akiuokota mpira ulio mchezoni, mchezo unasimama, na mwamuzi ndiye anayeamua wakimbiaji warudi au wasogezwe besi ipi (besi ni vituo wanavyopitia wakikimbia), kwa kukadiria ingekuwaje bila mbwa. Kwenye hadithi, mimi ningekaa kwenye tukio hilo hilo: uwanja mzima kimya, watoto wanamtazama mwamuzi, na mbwa anatikisa mkia akidhani kafanya la maana.

Umeandika pia raundi tisa, yaani kila timu kupata zamu tisa za kupiga. Hizo ni za wakubwa. Kwenye Little League, ligi ya besiboli ya watoto iliyoanzia Williamsport, huko huko Pennsylvania, mwaka 1939, watoto wa miaka 12 kushuka wanacheza raundi sita, na kutoka besi moja hadi nyingine ni kama mita 18 tu. Na huyo wako wa miaka tisa hawezi kuwarushia wapigaji mipira mia. Kikomo chake ni 75 kwa siku.

Halafu usimwache mbwa akawa pambo. Glovu ya kudakia mpira ni ya ngozi, imepakwa mafuta, ina kamba za ngozi vidoleni. Mbwa gani ataiacha? Kijana aamke asubuhi ya mechi aikute chini ya kitanda, kamba zimetafunwa, zimelowa mate. Mama yake aishone harakaharaka kwa kamba za viatu. Sura hiyo ukiimaliza nitupie niisome.